Alimkuta Nani? Mwongozo wa Kumtafuta Babu Aliyehamia Mbulu na Hanang

Mtu anayetaka kujua asili ya babu aliyefungua shamba la kwanza la familia yake Dongobesh, Endasak, Nangwa au Gitting kwa kawaida huanza na majina. Baba yake aliitwa nani, na babu yake, na aliyemzaa huyo? Swali hilo lina mahali pake, lakini kwa nyanda za Mbulu na Hanang halifai kuwa la kwanza. Uliza kwanza mahali: alitoka upande gani, alifikia kwa nani, alimkuta nani, na nani alimwonyesha mpaka. Mwongozo huu unatetea utaratibu huo, ardhi kwanza na majina baadaye. Historia ya watu wa huku, Wairaqw hasa, imehifadhiwa katika ardhi waliyoikalia kuliko katika orodha za mababa, na mtafutaji anayekimbilia orodha hukwama kizazi cha nne au cha tano, au huangukia hadithi tamu isiyo na ushahidi hata mmoja.

Anza kwa kuelewa uhamaji wenyewe ulivyokuwa. Mwisho wa karne ya 19 Wairaqw wengi waliishi wamebanana katika Irqwar Da'aw, eneo la milima na mabonde lililo kando ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambalo leo lina kata kama Kainam na Murray, na ambalo wengi huliita Mama Issara. Oscar Baumann, msafiri Mwaustria, alipita huko mwaka 1892 na kuandika habari za nchi aliyoiita Iraku. Nje ya milima hiyo tambarare zilikuwa malisho ya Wamasai na Wadatoga, na mkulima aliyeshuka alihatarisha ng'ombe na maisha yake. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikaua mifugo ya Afrika Mashariki na kuwadhoofisha wafugaji, na Wajerumani wakajenga boma Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo mlango ukafunguka. Familia baada ya familia zikatoka: kaskazini kuelekea Karatu, magharibi na kusini kuelekea Dongobesh, Haydom na Dareda, na hatimaye kuuzunguka Mlima Hanang. Kwa hiyo mhamiaji wa mwanzo wa familia nyingi aliishi vizazi vitatu hadi vitano tu nyuma yetu. Wapo wazee waliokaa na watoto wake wa kuwazaa, na shamba lake bado linalimwa. Kazi iliyo mbele yako inawezekana, mradi uifanye kabla wazee hao hawajaondoka.

Kwa nini mahali kabla ya nasaba? Robert Thornton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Irqwar Da'aw katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1980, alionyesha kwamba jamii ya Wairaqw ilijengwa juu ya eneo. Msingi wake ulikuwa aya, yaani nchi ndogo yenye mipaka inayojulikana, wazee wake, matambiko yake, na msemaji wake aitwaye kahamusmo. Koo zipo, na zina kazi kubwa hasa katika kuzuia ndoa za ndugu, lakini watu wa ukoo mmoja wametapakaa katika aya nyingi, na aya moja ina watu wa koo nyingi. Zaidi ya hayo, koo kadhaa za Wairaqw zenyewe husimulia kwamba mwanzilishi wao alikuwa mgeni: Mdatoga aliyebaki, mtu wa Ihanzu, Mnyiramba, Mgorowa. Mgeni aliyekubali masharti ya aya alipewa ardhi, akaoa, na watoto wake wakawa Wairaqw. Fikiria maana ya hilo kwako. Ukifuata mstari wa mababa peke yake, unaweza kutoka kabisa nje ya Uiraqw kwa hatua tatu na usijue umevuka wapi. Ukifuata mahali, utaona pale mgeni alipopokelewa, na aliyempokea mara nyingi ndiye ufunguo wa yote yaliyotangulia. Watafuta nasaba wa Marekani nao, wakikwama kwenye jina la mlowezi wa zamani, huacha jina hilo kwa muda na kuwafuata majirani zake, mashahidi wake na wakwe zake, kwa sababu watu wa zamani hawakuhama peke yao. Mbulu jambo hilo ni kweli zaidi, maana ukoo na ukwe ndivyo vilivyomwezesha mtu kulala salama katika nchi mpya.

Basi nenda kwa wazee, na uende kwa adabu. Salamu kwanza, kisha kaa. Kubeba sukari na majani ya chai hakumvunjii mtu heshima. Eleza unatafuta nini na kwa ajili ya nani, maana mzee anayeona daftari na simu ya kurekodi anaweza kudhani kuna shauri la shamba. Kisha uliza kwa utaratibu huu: "Babu, alipofika hapa alimkuta nani? Nani alimwonyesha mpaka? Alijenga wapi kwanza, kabla ya pale mnapopajua? Mke wake alitoka wapi? Alipokufa, alizikwa upande gani?" Majina yatakuja yenyewe ndani ya majibu, na yatakuja yakiwa yameshikamana na mlima, mto na jirani, hivyo utaweza kuyahakiki. Mzee anayeulizwa "nitajie mababa zako" hujitahidi kukuridhisha, na kwa kukuridhisha anaweza kuruka kizazi au kuunganisha watu wawili wa jina moja. Anayeulizwa "mlipakana na nani upande wa mtoni" hana sababu ya kubuni. Usiwahoji wazee wawili pamoja mara ya kwanza, kwa kuwa mdogo atanyamaza mbele ya mkubwa, nawe utaandika maelezo ya mtu mmoja ukidhani ni ya wawili. Wahoji kila mmoja kwake, kisha ndipo uwakutanishe juu ya yale wanayotofautiana.

Usiwapite akina bibi. Kosa hili hufanywa na wengi na hugharimu sana. Mwanamke aliyeolewa kutoka aya nyingine anaikumbuka njia aliyopitia, watu waliomleta, na sababu ya familia yake kukubali kumtoa mbali. Ana kumbukumbu ya mahali pawili, wakati mumewe ana ya mahali pamoja. Tena, kwa kuwa wazee huchunguza koo za pande zote mbili kabla ya posa ili vijana wasije wakawa ndugu, habari za ukoo wa upande wa mama hubaki hai kwa kizazi baada ya kizazi. Mstari wa mababa ukikatika, mara nyingi ni bibi wa upande wa mama anayeweza kusema, "Hao tulikatazwa kuoana nao," na kwa sentensi hiyo moja akakurudishia ukoo uliopotea.

Baada ya maneno, tembea. Omba uonyeshwe mahame, yaani mahali palipokuwa na nyumba kabla watu hawajahama. Nyumba ya zamani ya Wairaqw mara nyingi ilichimbwa kwenye mteremko, na hata baada ya udongo wake kuporomoka shimo lake huonekana kwa miaka mingi. Angalia ua wa minyaa, mti ulioachwa peke yake katikati ya shamba, chemchemi inayoitwa kwa jina la mtu. Sikiliza majina ya vitongoji na vilima, na uulize ni ya lugha gani. Sehemu kubwa ya Hanang na hata sehemu za Mbulu zina majina ya Kidatoga, Balangdalalu na Gidahababieg yakiwa mifano, na jina la Kidatoga mahali wanapolima Wairaqw linakuambia nani alikuwepo kabla. Kwa Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga kuzunguka Mlima Hanang, mahali pana uzito wa namna yake: mzee anayeheshimiwa akifa anaweza kufanyiwa bung'ed, mazishi ya heshima yanayoendelea kwa miezi, ambapo tuta la udongo hujengwa juu ya kaburi na watu wa koo mbalimbali hukusanyika. Mahali pa bung'ed hapasahauliki. Ukiwa na babu Mbarabaig, kujua bung'ed ya baba yake iko wapi, na nani alishiriki, ni ushahidi mzito kuliko jina lililoandikwa kwenye karatasi na karani asiyejua lugha. Piga picha kwa ruhusa, hifadhi alama ya mahali kwenye simu yako, na uandike nani alikuonyesha.

Hapa msomaji makini atapinga, na pingamizi lake ni zito: Operesheni Vijiji haikuvuruga haya yote? Kati ya 1974 na 1976 watu wa Mbulu na Hanang, kama wa sehemu nyingine za nchi, waliondolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa katika vijiji. Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika juu ya operesheni hiyo upande wa mashariki wa nchi ya Wairaqw, na hoja yake ni kwamba ilikata uhusiano wa watu na mandhari waliyoijua, pamoja na maarifa yaliyofungamana nayo. Kijana aliyezaliwa 1980 katika nyumba za mstari kando ya barabara hakupewa nafasi ya kujifunza kilima kipi kilikuwa cha nani. Nakubali hasara hiyo ni kubwa. Lakini inaathiri aina moja ya mtoa habari, yule wa baada ya operesheni, na inakuelekeza kwa mwingine: aliyekuwa mtu mzima au kijana anayechunga mwaka 1974. Mtu aliyehamishwa kwa amri hukumbuka alichoacha. Isitoshe, wengi walirejea kwenye mashamba yao ya awali serikali ilipolegeza kamba, na migogoro ya kurejea ikawalazimu wazee kutaja mbele ya mabaraza nani alikuwa wapi kabla. Kwa hiyo gawa maswali yako mara mbili daima, kabla ya vijiji na baada ya vijiji, na usikubali jibu linalochanganya nyakati hizo. Ukiambiwa "babu alikaa hapa," uliza, "hapa pa lini?"

Sasa karatasi. Zipo, na ni msaada mkubwa, ila zinasomeka vizuri na yule tu anayejua tayari mahali anapotafuta. Vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki ndivyo chanzo cha kwanza kwa familia nyingi. Mapadre Weupe waliingia Mbulu enzi ya Wajerumani, baadaye Wapalotini wakachukua kazi, na Mbulu ikawa jimbo kamili mwaka 1953. Kitabu cha ubatizo hutaja aliyebatizwa, wazazi wake, msimamizi wake, tarehe na mara nyingi kijiji. Wakristo wa mwanzo walibatizwa wakiwa watu wazima, hivyo kwenye mstari mmoja unaweza kukutana na jina la mzazi aliyezaliwa kabla ya boma la Wajerumani. Usifunge kitabu bila kusoma maandishi ya pembeni, kwa maana ndoa ya mtu huandikwa kando ya jina lake la ubatizo, na parokia aliyofungia ndoa ikiwa nyingine, hapo ndipo umeonyeshwa njia aliyohamia. Zingatia kwamba parokia huzaa parokia: eneo lenye kanisa lake leo lilikuwa kigango cha kanisa lingine jana, na vitabu vya zamani hubaki kwa mama. Kwa Walutheri, uliza katika sharika za dayosisi ya Mbulu. Haydom, ambako Wanorwei walifungua hospitali mwaka 1955, ni mahali pa kuanzia kwa familia za magharibi ya wilaya. Anayeweza kufika mbali zaidi ajue kwamba kila kituo cha Mapadre Weupe kiliandika shajara ya kila siku, kwa Kifaransa, na shirika lina nyaraka zake kuu Roma.

Tatizo la karatasi hizi ni tahajia. Kiiraqw kina sauti ambazo Mjerumani, Mfaransa, Mwingereza na karani wa pwani waliziandika kila mmoja alivyosikia. Hh ikawa h, q ikawa k, x ikawa h au kh, tl ikawa t au kl, na sl ikawa s au l. Hhando na Hando ni jina moja, na Axwesso waweza kumkuta akiwa Akweso au Ahweso. Kabla ya kufungua kitabu chochote andika njia zote ambazo jina la babu yako lingeweza kuandikwa, kisha tafuta zote. Majina ya makabila nayo yamebadilika. Katika majalada ya zamani Wairaqw ni Wambulu, Wagorowa ni Wafiomi, Wahadzabe ni Watindiga, na Wadatoga ni Wataturu au Wamang'ati, jina ambalo wenyewe wengi hawalipendi na wewe usilitumie mbele yao, ijapokuwa utalazimika kulitafuta. Mipaka ya wilaya vilevile: Hanang ilikatwa kutoka Mbulu, Babati ikakatwa kutoka Hanang mwaka 1985, Karatu ikatoka Mbulu katika miaka ya 1990, na Mkoa wa Manyara wenyewe ulizaliwa kutoka Arusha mwaka 2002. Babu aliyeishi Katesh mwaka 1935 utamkuta chini ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini. Kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba majalada ya Wilaya ya Mbulu na kitabu cha wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za machifu, koo, mipaka na mila. Soma kwa tahadhari: ofisa aliandika alichoambiwa na waliokuwa karibu na ofisi, na mhamiaji wa kawaida huonekana humo pale tu alipolipa kodi, aliposhtakiwa au alipogombania shamba.

Nyumbani pia kuna nyaraka. Stakabadhi za kodi, kadi za kliniki, barua za mtoto aliyekuwa jeshini, vyeti vya shule ya misheni, kadi za TANU. Zipige picha upesi na nakala zake uzitume kwa ndugu walio mbali. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yalibomoa nyumba Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80. Familia zilizopoteza wapendwa wao zilipoteza pia kila kilichokuwa sandukuni. Nakala moja iliyo Arusha au Dodoma inatosha kuokoa kumbukumbu ya nyumba nzima.

Miaka utaipata kwa matukio. Wazee wachache watakuambia babu alizaliwa 1898, lakini wengi wanaweza kusema alikuwa mtoto wa kuchunga ndama wakati wa sotoka, au alikuwa ameoa Waingereza walipopita. Vikosi vya Waingereza vilipita Ufiome, nchi ya Wagorowa, kwenda Kondoa Aprili 1916, vikiwafukuza Wajerumani, na tukio hilo ni kigingi imara. Nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930, kufutwa kwa uchifu 1963, vijiji vya 1974, vita vya Kagera vya 1978 na 1979: vipange hivi kwenye ukurasa mmoja na umwombe mzee aweke kila habari kabla au baada ya kimojawapo. Utapata kipindi cha miaka mitano au kumi, na hicho ni cha kweli kuliko mwaka mmoja uliobuniwa ili kujaza fomu.

Kuna watakaosema hoja yangu inawadharau watu wenye nasaba ndefu. Ukoo wa Manda, unaotoa wataalamu wa mvua wa Wairaqw, hutunza orodha ya waliotangulia kwa uangalifu. Wabarabaig nao hukariri mababa kwa vizazi vingi, na ng'ombe wao huwekwa alama ambazo mjuzi anaweza kuzisoma na kutambua ukoo wa mwenye zizi. Sidharau hata kidogo. Lakini tazama orodha hizo zinatunzwa kwa kazi gani. Nasaba ya mtaalamu wa mvua ni dhamana ya madaraka yake: inahifadhi mstari wa waliorithi kazi, na ndugu ambao hawakurithi huachwa nje. Nasaba ya mfugaji huamua nani alipe, nani arithi, nani asioane na nani, na jina lisilohitajika kwa shauri lolote huporomoka taratibu. Hivyo hata orodha ndefu inahitaji kufungwa kwenye mahali ili ithibitike. Ukiambiwa vizazi kumi, chukua kila jina na uulize alizikwa wapi. Majina yenye makaburi ni msingi. Yasiyo na kaburi, mke wala jirani yaandike, lakini kwa penseli.

Utaratibu huu unakulinda pia na kishawishi kikubwa kuliko vyote, kuruka. Umewahi kusikia, bila shaka, kwamba Wairaqw walitoka Iraq, kwamba jina linafanana na hivyo safari ilianzia Mesopotamia. Ole Bjørn Rekdal, mtafiti wa Kinorwei aliyeishi na kufanya utafiti Mbulu, aliandika makala mwaka 1998 akifuatilia jinsi dhana iliyotokana na maandishi ya wageni ilivyoingia shuleni na vijijini hadi ikasimuliwa kama mapokeo ya mababu. Masimulizi ya wazee wenyewe hayaendi huko. Yanataja Ma'angwatay upande wa kusini, kiongozi Haymu Tipe, vita na Wadatoga, kituo cha Guser Tuwalay, kisha Irqwar Da'aw. Hayo ni masimulizi ya mahali, moja baada ya jingine, na kila mahali panaweza kuulizwa. Marekani walipatwa na ugonjwa uleule. Familia zilizotaka kumwunganisha mlowezi wao wa mwanzo na makabaila wa Ulaya zilimlipa Gustave Anjou, aliyefariki 1942, naye akawauzia nasaba za kughushi ambazo hadi leo zinawapotosha watafutaji. Alijua pa kupenyeza uongo: palepale ambapo mlowezi anavuka bahari na ushahidi unakatika. Kwetu bahari ni pengo kati ya babu aliyehama na yule aliyebaki Irqwar Da'aw. Usilivuke kwa kufanana kwa jina. Livuke kwa mtu anayejulikana pande zote mbili, mkwe, ndugu au jirani aliyehama naye.

Vipi kipimo cha vinasaba? Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wakiwemo. Tafiti za namna hiyo zinaeleza historia ya makundi kwa maelfu ya miaka, na zinaonyesha jinsi watu wa eneo hili walivyochanganyika. Kinachouzwa kwa mtu mmoja mmoja hakiwezi kukutajia babu aliyehamia Nangwa. Kinaweza kukuunganisha na binamu usiyemjua ikiwa naye amepima, na kwa sasa wachache huku wamepima. Ukiwa na fedha hiyo, ifanye nauli ya kwenda Kainam.

Jambo la mwisho ni zito, na ndilo linaloniuma zaidi. Neno "wa kwanza" lina hatari katika wilaya hizi. Babu wa Kiiraqw aliyefungua shamba la kwanza Hanang hakuingia katika nchi tupu. Alimkuta Mbarabaig mwenye malisho, visima na makaburi. Vivyo hivyo waliofika Yaeda Chini waliwakuta Wahadzabe. Katika miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalianza kuenea kuzunguka Basotu hadi kufikia mashamba saba ya takribani ekari 100,000, na trekta zikalima juu ya makaburi ya Wabarabaig. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walishtaki, wakashinda Mahakama Kuu Arusha mwaka 1984, kisha wakashindwa katika Mahakama ya Rufani. Miongoni mwa sababu za kushindwa, wadai walikuwa hawajathibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu ambao wazee wao walizikwa chini ya ngano waliambiwa hawajaonyesha kwamba wao ni wa hapo. Hukumu hiyo inafundisha thamani ya kumbukumbu ya mahali iliyoandikwa mapema, ikiwa na mashahidi wenye majina. Inadai pia kwamba utafutaji wako usigeuke silaha dhidi ya mwenzako. Ukiandika historia ya babu yako Hanang, mwulize jirani Mbarabaig naye anavyokumbuka ujio wake, na uandike maelezo yake kwa uzito uleule, hata yakipingana na ya nyumbani. Swali la "alimkuta nani" lina jibu lenye jina na watoto walio hai, na hao ni mashahidi ambao familia yako haiwezi kuwa nao ndani yake yenyewe.

Unapoanza kuandika, weka juu ya kila ukurasa jina la aliyesimulia, mahali mlipokaa, tarehe, na lugha aliyotumia, na usifute toleo moja kwa sababu jingine limekupendeza. Yaliyoonekana kwa macho yatenganishe na yaliyosikiwa. Habari za walio hai, hasa za watoto waliozaliwa nje ya ndoa, waliolelewa na ukoo mwingine au waliohama kwa sababu ya ugomvi, ziweke katika daftari la pembeni, na usizisambaze bila ridhaa yao. Tangu 2022 taarifa binafsi zina sheria yake, na kabla ya sheria kulikuwa na heshima. Nakala moja ya yaliyobaki mpelekee kila mzee aliyekusaidia, imesomwa mbele yake kwa sauti na kwa lugha yake, ukiwa na kalamu mkononi, kwa maana wakati wa kusomewa ndipo atakapokusahihisha mpaka wa upande wa mtoni na kulikumbuka jina la mke wa pili.